Kadi Nyekundu ya Olga

Nsungwi, Area 25, Lilongwe
2 Machi 2025

Yaya Delphin mpendwa,

Pokea salamu za mdogo wako, wewe kaka yangu, mkeo Arlène na binti yenu Olga. Kikohozi cha Arlène kimetulia? Mimi ni mzima, ila miguu inaniuma kwa kusimama mchana kutwa.

Usikasirike kwamba nakuandikia badala ya kupiga simu. Unanijua. Kwenye simu sauti inaniganda, nakaa kimya mpaka unadhani mtandao umekatika. Kwenye karatasi siogopi mtu. Épitace wa hapo kambini Dzaleka amekubali kubeba barua zetu kila anapokuja Old Town kununua vitambaa vya duka lake. Nakaa kwa Mama Odette, yule fundi wa kushona wa kanisa letu. Ananilisha nsima, ugali wa huku, mpaka nakataa.

Mafunzo yanaitwa Viongozi Vijana wa Uendelevu, ya kampuni ya mafuta. Tuko vijana wanane, na mkimbizi ni mimi peke yangu. Asubuhi tunakaa darasani, mchana tunafanya kazi kwenye kituo chao cha petroli karibu na Old Town. Nilidhani uendelevu ni kupanda miti. Miti tumeipanda pia. Lakini mwalimu wetu, Madamu Tamandani, ambaye zamani aliendesha malori ya mafuta kutoka Beira, alituambia siku ya kwanza: "Kampuni inayoua wafanyakazi wake isijisifu kwa miti. Mimi nataka kesho asubuhi nyinyi wote mrudi, na maji ya jirani yanyweke. Hayo mengine ni picha za ukutani."

Kila mmoja alipewa kadi mbili nyekundu za plastiki. Mtu yeyote, hata anayefagia, akiona kazi inaelekea kuua, anainua kadi na kazi yote inasimama. Hakuna anayeuliza kwa nini. Kwanza unasimama, maswali baadaye. Na aliyeinua haadhibiwi hata kama amekosea. Kadi moja ni ya mfukoni. Ya pili unampa mtu anayekungoja nyumbani, ili ajue una haki ya kurudi mzima.

Halafu kila mmoja alitakiwa kupaza sauti, "Simama!", kama anazuia lori. Ilipofika zamu yangu ilitoka sauti ya mbu ndani ya chupa. Lusungu, kijana mmoja anayependa utani, akasema, "Sister, lori limeshakupita, uko chini ya gurudumu." Walicheka wote. Madamu hakucheka. Alisema, "Ndiyo maana amepewa kadi. Mkono wake unatosha."

Yaya, bidoni za petroli, yale madumu yako ya biashara, bado ziko chini ya kitanda? Nitakuandikia vizuri kuhusu hilo. Épitace anapiga honi.

Mdogo wako,
Fidès


Dzaleka
9 Machi 2025

Madame Directrice, mdogo wangu,

Barua imefika. Épitace aliikalia njia yote, imekunjika sawa shati ya mulevi. Siye tuko bazima. Arlène anakohoa bado kidogo. Olga anasema nikuandikie kama jino yake ya mbele imetoka, na kama haikumuuma, lakini anadanganya, alilia sana.

Nimeisoma barua yako kwa sauti pale kwenye meza yangu ya chupa. Vijana ba kabaza, bale ba pikipiki za kubeba abiria, bamecheka! Moja ananiuliza, "Kadhafi, kumbe kuuza esansi banafundisha kwenye darasa?" Unajua siye wote wenye kuuza esansi, petroli ya chupa, tunaitwa Kadhafi tangu kule kwetu. Nikamujibu, njo hivyo, na mi njo profesa wake wa kwanza. Zile chupa zimekusomesha mpaka Form Four, Fidès, usizisahau juu umevaa kofia ya kampuni.

Kazi inaenda muzuri juu esansi imepotea nchi nzima. Mwenye kupata chupa moja anaibeba kifuani kama mutoto. Siku ya pili ya juma, vijana wawili bamegombania chupa ya mwisho hapa mbele yangu. Moja alivunja chupa ya soda kwenye jiwe, akakata mwenzake sikio. Sikio yote. Ilianguka kwenye vumbi, na kuku ya Mama Maimouna akaikimbilia. Batu bakacheka. Mi nilimufunga yule kichwa na kitambaa ya meza. Na ile chupa ya esansi nilimuuzia mwenye kukata. Usiniulize. Alikuwa bado ameshika kile kioo.

Juu ya kadi yenu, ni muzuri. Upelekee bale bauaji ba kule kwetu Fizi, Congo. Siku bamemutoa Papa ndani ya nyumba wewe ulikuwa chini ya meza, mutoto wa miaka mitano, na mi nyuma ya choo na mavi kwenye magoti. Nani angeinua kadi? Ile siku njo sauti yako ilienda, mi najua. Kwa hiyo huyo Lusungu akikucheka tena, unitumie jina ya baba yake.

Bidoni ziko chini ya kitanda. Unataka zikae wapi? Nje wezi bataziramba. Nalala juu ya mali yangu sawa mutu wa benki.

Yaya yako,
Delphin


Nsungwi
23 Machi 2025

Yaya mpendwa,

Amani iwe katika nyumba yako. Mwambie Olga jino jipya litakuja, asilisukume kwa ulimi. Mimi mwili ni mzima, moyo una mawingu.

Habari ya sikio imenifikia. Lakini hata hapa tunaumizana. Jumatano foleni ya magari ilitoka kituoni ikapita msikiti mpaka sokoni. Petroli ilipoisha, dereva mmoja wa basi dogo alichomoa mpira wa pampu na kumpiga Chikondi, dada wa pampu ya pili. Mdomo wa chuma ulimpasua juu ya jicho. Akampiga tena akiwa amepiga magoti. Damu ilitiririka kwenye saruji ikachanganyika na petroli iliyodondoka. Mimi nilikuwa nimeshika ndoo ya mchanga. Madamu akaniambia, "Mwaga." Mchanga unafyonza petroli isiingie mtaroni, maana mtaro unakwenda mtoni. Basi nikamwaga mchanga juu ya damu ya Chikondi. Nilifanya kama nilivyofundishwa.

Sasa nisikilize kuhusu bidoni. Kinachowaka si petroli yenyewe, ni mvuke wake. Mvuke huo hauonekani, na ni mzito kuliko hewa. Haupandi kama moshi. Unatambaa sakafuni kama maji, unapita chini ya mlango na kutafuta moto. Na babula ya Arlène, jiko lake la makaa, iko pale pale mlangoni.

Madamu alituonyesha. Alimimina kijiko kimoja kwenye kipande cha bati kilichoinama kama mfereji, akaweka mshumaa upande wa chini, mbali kabisa na kijiko. Tulingoja kidogo. Mara moto ukapanda mfereji kinyumenyume mpaka kwenye kijiko, haraka kuliko kufumba macho. Wenzangu walipiga makofi. Mimi nilimwona Olga kitandani.

Nakuomba, zitoe nje. Jenga kibanda cha wavu chenye kufuli, kivulini, panapopita hewa. Usimimine kwenye chupa ukiwa ndani ya nyumba. Na ninakutumia kadi yangu ya pili. Wewe ndiye mtu wangu wa nyumbani. Hii usiwasomee watu wa kabaza.

Mdogo wako,
Fidès


Dzaleka
6 Aprili 2025

Mdogo wangu Fidès,

Siye wote tunakusalimu, ila salamu ya leo iko na maumivu ndani.

Nianze na ya kucheka. Kadi yako niliitundika kwenye musumari, Olga akaishusha. Aliona kwenye mpira arbitre, ule refa, anaitoa, basi sasa yeye njo arbitre wa nyumba. Ameweka sheria yake. Akiinua, kila mutu anaganda pale alipo, hata kama tonge iko njiani kuingia kinywani, mpaka yeye mwenyewe aseme "twende". Amegandisha Arlène na sufuria ya moto mikononi. Pasta alikuja kutusalimia, naye akagandishwa, mukono hewani, na Olga akachelewesha "twende" makusudi. Ni kuku tu banakataa.

Sasa ya kulia. Siku ya Mungu nilikuwa kanisani na Olga. Arlène alibaki nyumbani, kifua inamusumbua. Batu batatu bakaingia na mapanga, bamefunga nyuso na tishati. Bakasema, "Toa esansi ya Kadhafi." Yeye, mwanamuke yule, alikaa juu ya kitanda akakataa kutoka. Bakamupiga mugongoni na ubapa wa panga mpaka akaanguka, bakamupiga tena pale chini. Bakabeba bidoni mbili. Kwenye mugongo wake iko alama pana, nyeusi, sawa mutu amebandika mukanda. Halali chali. Hakulia mbele ya Olga.

Moja yao nilimujua kwa vile viatu. Ni muteja wangu.

Kwa hiyo usiniambie nitoe bidoni nje. Iliyobaki iko chini ya kitanda, na sasa mufukoni natembea na briketi, kile kiberiti cha gesi. Nimeapa. Bakirudi, sitapigana na panga. Nitabamwagia esansi na kuwasha. Kama ni kufa, tutakufa tukiangaliana.

Sasa unisaidie. Niambie lori itakuja kwenye kituo chenu siku gani, nifike mapema na bidoni zangu, mbele ya ule musururu. Neno moja tu, mdogo wangu. Sijawahi kukuomba kitu.

Yaya yako,
Delphin


Nsungwi
8 Aprili 2025

Yaya wangu,

Pole, pole sana kwa Arlène. Mama Odette ametuma dawa ya kuchua mgongo na khanga. Nilipomsomea barua yako alilia, mimi sikuweza.

Hujawahi kuniomba kitu, ni kweli. Kila kitu ulinipa bila mimi kuomba. Hata hivyo nakukatalia. Sitakuambia siku ya lori.

Si kwa sababu ya kofia ya kampuni. Watu wenye bidoni wanapigwa hapa, na askari na wenye magari pia. Na wewe huna ruhusa ya kutoka kambini. Wakisikia unavyosema, watajua wewe ni mkimbizi.

Tupa hiyo briketi. Katika chumba kile, Yaya, wa kwanza kuungua ni aliyeiwasha. Wa pili ni anayelala kando ya ukuta, na huyo ni Olga. Ukiniapia kwamba umeitupa, nitalala.

Nijibu, hata mstari mmoja.

Mdogo wako,
Fidès


Hospitalini, Lilongwe
4 Mei 2025

Yaya,

Uko hai? Sianzi na salamu nyingine, hiyo ndiyo salamu yangu.

Natumia mkono wa kushoto, ndiyo maana herufi zinalewa. Mama Odette atampa Épitace barua hii akionekana sokoni. Tangu siku ile hajaonekana, na simu ya Arlène inaita tu.

Nakuandikia mambo uliyoyaona, kwa sababu sijui uliona kiasi gani.

Lori lilifika Jumanne asubuhi. Watu walikuwa wamelala barabarani siku nyingi. Nilifunga waya unaopeleka umeme ardhini, dereva akaunganisha mpira wa kushushia petroli kwenye tanki la chini. Wakati lori linashusha, pampu hazifanyi kazi, hiyo ni sheria. Lakini umati ulikuwa unagonga mabati, na msimamizi wa kituo, Bwana Gondwe, akaamuru tuuze palepale. Nilimwonyesha mpira wa lori kwa kidole. Akasema, "Leo si siku ya darasa, binti."

Kando ya ukuta kulikuwa na mama anayechoma mahindi. Kamba iliyozuia umati ilipokatika watu waliingia kama ng'ombe, wakamkanyaga yeye na jiko lake. Nilimwona akishika tumbo. Makaa yalimwagika, yakapigwa mateke, yakaja yakibiringika kwenye saruji kuelekea kwenye lori. Nikaona ule mfereji wa bati. Nikaona mshumaa.

Niliinua kadi kwa mkono wa kulia na kwa kushoto nikabonyeza kitufe chekundu cha ukutani. Pampu zote zikafa. Dereva aliona kadi akafunga koki. Chikondi, jicho lake bado lina bandeji, alikimbia na ndoo akazika makaa kwenye mchanga. Yote yalikwenda kama darasani.

Halafu mtu akapiga kelele, "Wanayaficha mafuta!"

Bwana Gondwe aliingia ofisini akajifungia. Nilibaki mimi na kadi. Jiwe la kwanza lilinitoa meno mawili. Mwanamume mmoja mwenye spana ya magurudumu alipiga ule mkono ulioinuliwa. Nilisikia mfupa kabla ya kusikia maumivu. Wakanivuta kwa nywele, mwanamke mmoja akanikanyaga kifuani huku akilia, analia na kunikanyaga, anasema mtoto wake yuko kwenye gari anataka hospitali.

Ndipo nikakuona juu ya ukuta, na bidoni ya njano.

Uliruka. Ukapiga kelele, "Mumuache! Ni mdogo wangu!" Kwa Kiswahili, Yaya. Mtu akasema kwa Kichewa, "Kumbe ni wakimbizi, ndio wanaotumalizia mafuta." Wakaniacha mimi. Wote. Niliona bidoni ikipanda na kushuka juu yako mpaka ikapasuka. Niliona nondo. Sikukuona tena wewe, niliona migongo yao tu.

Nikapiga kelele jina lako. Sauti ilitoka. Sikujua kama ninayo sauti kubwa namna ile, iliniumiza masikio mwenyewe. Nilikuwa bado napiga kelele askari walipotupa moshi wa kutoa machozi.

Moshi ulipoondoka hukuwepo. Kiatu chako kimoja kilikuwapo. Ninacho hapa chini ya kitanda.

Nijibu.

Mdogo wako,
Fidès


Dzaleka
11 Mei 2025

Fidès,

Niko hai. Épitace alinivuta mpaka kwenye pick-up yake, akanifunika na vitambaa. Mbavu zimevunjika, sikio moja haisikii. Mukono wako nimesikia. Pole.

Sasa nisikilize na wewe. Mbele yangu pale pampuni balibaki batu bane. Bane! Nilikuwa nimekaa kwenye ule musururu siku tatu, nakojoa kwenye chupa ili nisipoteze nafasi. Bamenisukuma, bamenitemea mate, nikanyamaza, nikajifanya bubu ili basijue lugha yangu. Nilipanda ukuta kuona kama zamu inafika. Na nani anafunga pampu machoni mwangu? Wewe. Mutoto niliyemubeba mugongoni kutoka Fizi mpaka kwenye maji ya ziwa. Unainua kikadi.

Unasema makaa. Mi sikuona makaa. Niliona mukono wako.

Kuruka ukuta sikufikiri, nisingefikiri hata leo. Hiyo haihitaji kushukuru. Lakini usinifundishe tena. Usiniandikie mvuke, usiniandikie kadi. Hapa kambini sasa kila mutu anasema dada ya Kadhafi anafanya kazi ndani ya petroli, kwa hiyo Kadhafi lazima iko nayo nyingi. Bananiangalia nyumba. Épitace ameniletea bidoni moja kutoka upande wa Zambia, iko mahali pake, chini ya kitanda, na briketi iko mufukoni. Unalala ao hulali, ni kazi yako.

Delphin


Nsungwi
18 Mei 2025

Yaya wangu,

Hukutia "Yaya yako" mwisho wa barua. Nimeiangalia ile nafasi mara nyingi.

Nakusalimu hata hivyo. Nimetoka hospitali, mkono uko kwenye plasta. Wapelelezi wa kampuni walikuja kupima. Makaa yalikutwa karibu na mpira wa lori, unaweza kuyafikia kwa kunyoosha mguu. Wakubwa waliotaka kunifukuza kwa kufunga biashara sasa wanataka nisimame tarehe 20 Juni, siku ya vyeti, kwenye hoteli, mbele ya watu wa wizara kutoka Capital Hill, niwaeleze uongozi. Lusungu ameahidi kunishikia maji ya kunywa. Hanitanii tena, na ninakosa utani wake.

Sitakuandikia mvuke. Nauliza kitu kimoja, na unaweza kunijibu kwa neno moja nyuma ya karatasi hii hii. Olga bado anacheza na kadi yake?

Ninakuwekea kiatu chako.

Mdogo wako,
Fidès


Dzaleka
15 Juni 2025

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mwandiko huu ni wa Arlène, maneno ni yangu. Utajua kwa nini.

Bamerudi. Juma lililopita, saa ya kula ya mchana. Mara hii batano, hata nyuso hawakufunga. Mi nilikuwa ndani, nimevuta bidoni kutoka chini ya kitanda, namimina kwenye chupa, mulango wazi, babula inawaka pale nje. Ndiyo, ndani. Yote uliyonikataza, yote pamoja.

Yule muteja wangu, mwenye vile viatu, akasema, "Kadhafi, leo tunabeba na wewe." Akamuvuta Arlène nywele, akamuwekea panga shingoni.

Nilikuwa nimengoja ile siku. Niliinua bidoni nikabamwagia. Kwa uso, kwa kifua, na sakafu yote. Mi pia ilinirudia kwenye miguu. Harufu ilijaa, macho yakawaka. Balirudi nyuma hatua moja, balielewa. Nikatoa briketi. Fidès, sikutaka kubatisha. Nilitaka kubasikia bakiungua. Nilimuona Papa, niliona ile choo ya kule Fizi, nikasema ndani yangu, leo siko nyuma ya kitu. Kidole ilikuwa kwenye gurudumu ya briketi.

Olga alikuwa kwenye kona, juu ya ule musala, mukeka wake wa kulalia. Akainua kadi.

Aliinua tu, mukono wote, sawa anavyofanya na pasta. Na mi nikaganda. Sikufikiri, sikukumbuka barua zako. Ni muili tu. Tangu Aprili nilikuwa naganda kila siku mbele ya ile kadi, kwa kunawa, kwa kula, kwa kuvaa suruali. Muili ulikuwa umeshajifunza. Kidole haikushuka.

Nilipobaki vile, moja akakata mukono wenye briketi. Vidole viwili vilibaki sakafuni ndani ya esansi. Briketi iliteleza chini ya kitanda, haikuwaka. Halafu bakanipiga na ubapa, na miguu, mpaka bakachoka. Arlène bakamusukuma ukutani. Bakabeba bidoni na chupa zote, hata ile meza bakavunja. Moja yao, kijana kabisa, alikuwa amelowa esansi. Alipita mbele ya Olga, mwenye bado ameinua kadi, na ule kijana akasimama kidogo. Nakuapia. Akasimama, halafu akakimbia.

Arlène alimwaga maji kwenye babula kabla hata ya kunifunga mukono. Yeye alikuwa amesoma barua zako zote mara mbili, hakuniambia.

Kwa hiyo sasa sina esansi, sina meza, mukono wangu wa kuandikia hauna vidole viwili. Batu wangu wote niko nao. Uliniambia makaa, nikasema sikuona. Sasa nimeona.

Lakini iko shida moja, njo naandika. Olga hajasema "twende". Tangu ile saa hajasema neno. Anakula, anatembea, anatuangalia, kadi iko mukononi hata akilala. Tumemubembeleza, pasta ameomba. Arlène analia kwamba mutoto ameharibika. Mi namuangalia na naona wewe chini ya meza. Siye hatujui tufanye nini. Wewe tu njo ulipita njia hiyo.

Yaya yako,
Delphin


Nsungwi
19 Juni 2025

Yaya wangu,

Nakusalimu na mkono wako, nausalimu peke yake.

Barua yako nimeipata leo darasani. Tulikuwa tunafanya mazoezi ya kesho, ya hotuba yangu ya uongozi. Wakubwa wawili wa kampuni walikuwepo, wanarekebisha maneno yangu. Nilisoma barua nikiwa nimesimama mbele yao. Nilipofika mwisho, nilitoa kadi ya mfukoni nikaiinua.

Mkubwa mmoja akauliza, "Kuna hatari gani hapa?" Madamu Tamandani akamwambia, "Kwanza simama, bwana. Maswali baadaye." Akasimama. Wote walisimama. Nikasema, kwa sauti, hata waliokaa nyuma walisikia, kwamba kesho sitakuwepo hotelini, mtoto wetu ananingoja. Lusungu akasema, "Sister, sasa lori limesimama." Atasoma hotuba yeye.

Épitace anaondoka alfajiri, nitakuja naye. Barua hii atakuletea mpanda kabaza wa jioni, ili mjue kabla sijafika.

Msimlazimishe Olga kusema. Msimpe zawadi ili aseme, na msilie mbele yake. Mimi nilikuwa nawasikia wote mkisema nimeharibika. Nilikuwa sijaharibika. Nilikuwa nashikilia. Nilidhani nikifungua mdomo, watu wale wataanza tena pale walipoachia.

Yeye ndiye aliyewasimamisha, na anaogopa kuwaachia. Kwa hiyo fanyeni kama sheria yake inavyosema. Kesho asubuhi akiinua, gandeni. Arlène na sufuria yake, wewe na mkono wako. Msitabasamu, isiwe mchezo. Mimi nitaingia na kadi yangu, nitakaa chini karibu naye na kuinua pia, tushike pamoja, hata ikichukua siku nzima. Mkono wake utachoka. Mimi wangu wa kulia umepona vibaya, umekakamaa, hauchoki upesi.

Neno lake tutalingoja. Kiatu chako nakuja nacho.

Tantine, shangazi wa Olga, mdogo wako,
Fidès